Mnunuzi Akigeuka

Asubuhi katika soko la mifugo la Garissa watu watatu wamesimama kando ya fahali wanane. Yupo mzee mwenye mali aliyewaswaga kutoka upande wa Ijara, yupo mnunuzi anayepeleka nyama Nairobi, na katikati yao dalali. Bei imepanda, imekwama, dalali amewavuta pembeni mmoja baada ya mwingine. Hatimaye mikono imeshikwa, na fahali wametiwa alama ya rangi mgongoni. Mnunuzi anaondoka kushughulikia usafiri. Adhuhuri inapita, lori halionekani. Alasiri simu ya dalali inalia. Anasikiliza, anatazama chini.

"Adeer," anamwambia mzee kwa heshima, "yule mtu wa Nairobi anasema hawezi tena."

Mzee aliyezoea soko haanzi kwa lawama. Anauliza: "Hawezi leo, au hawezi kabisa?"

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua yote yatakayofuata, lakini wauzaji wengi hawaliulizi. Hukaa siku tatu, nne, wakingoja lori la mtu ambaye keshanunua kwingine. Wengine hukasirika papo hapo na kumuuzia wa kwanza atakayepita kwa bei ya hasira, kumbe mnunuzi wao alikwama barabarani na angefika kesho yake alfajiri na pesa mkononi. Wote hawa wamepata hasara, na hawakuipata kwa sababu mnunuzi aligeuka. Waliipata kwa yale waliyoyafanya baada ya kusikia habari hiyo.

Mifugo ni mali inayokula. Mbao zikikosa mnunuzi zitakaa ghalani mwezi mzima na ubao utabaki ubao. Fahali anayelala sokoni anataka maji, anataka majani ya kununua, anataka mchungaji wa kulipwa usiku, na hata akipewa vyote hivyo bado anapungua mwili, kwa kuwa ametembea siku nyingi na sasa amefungiwa mahali pasipo malisho. Mnunuzi wa kesho atamwona mwembamba kuliko alivyomwona mnunuzi wa leo. Hata Ulaya na Marekani wako watu walionunua haki ya kukaa katika nyumba ya likizo kwa wiki moja kila mwaka. Wakitaka kuiuza haki hiyo, na mnunuzi akaghairi dakika ya mwisho, ada ya mwaka ya kuitunza nyumba inaendelea kuwadai hata wasipokanyaga huko. Wanayajua maumivu haya. Tofauti ni kwamba wao hudaiwa mara moja kwa mwaka, na mzee wa Ijara anadaiwa kila jua linapochomoza.

Kuna hasara ya pili, isiyoonekana kwenye hesabu za malisho. Tangu mikono iliposhikwa, mzee amewarudisha wateja wengine. Katika soko la Waislamu, mtu hapandi juu ya bei ya mwenzake ikishafungwa. Hilo ni katazo la dini linalojulikana hata na watoto. Kwa hiyo wanunuzi wawili watatu waliowatazama fahali wale asubuhi waliiona alama ya rangi, wakageuza nyuso, wakanunua kwingine. Kufikia alasiri pesa zao zimekwisha. Mnunuzi aliyegeuka ameondoka na pesa zake, na ameondoka pia na wateja wa siku nzima.

Ndiyo maana swali la mzee linahitaji jibu la haraka na la kweli, na wa kulileta ni dalali. Katika masoko ya Wasomali dalali anabeba mzigo mkubwa kuliko kutafuta bei. Yeye ndiye anayesimama na kusema kwamba anamjua muuzaji, anajua ametoka wapi na ni wa ukoo gani, na kwamba mali hii si ya wizi. Mnunuzi wa mbali ananunua kwa sababu ya neno lake. Basi neno hilo lielekee pande zote mbili. Dalali anayeweza kunieleza ukoo wangu hadi babu wa saba, halafu hajui mnunuzi aliyemleta anafanya kazi na machinjio gani Nairobi wala nani atamlipia lori, amefanya nusu ya kazi yake. Nasema hivi nikiwaheshimu madalali, maana bila wao soko lile lisingesimama hata siku moja.

Mnunuzi wa Garissa hugeuka kwa sababu chache, na nyingi zinajirudia. Mara nyingi yeye mwenyewe si mnunuzi wa mwisho. Anamnunulia mtu wa machinjio ya Dagoretti, Nairobi, na huyo akimwambia leo nyama imejaa, mnyororo wote unakatika hadi kwa mzee aliyesimama juani. Mara nyingine ni barabara. Garissa imekaa ukingoni mwa Mto Tana, na ukivuka daraja tu umeingia Madogo, kaunti ya Tana River. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilileta mafuriko hapo hadi magari yakasimama, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakaikata tena njia ya kwenda Nairobi. Watu walivushwa kwa mashua, na roho zilipotea majini. Mnunuzi aliyesema siku zile kwamba hawezi hakuwa amevunja ahadi. Hapakuwa na barabara ya kuitimizia.

Halafu kuna maradhi. Mwishoni mwa 1997, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Mifugo ilitoa mimba na kufa kwa wingi, na mamia ya watu walikufa. Ikarudi mwishoni mwa 2006, na Garissa ndiko ilikoonekana kwanza. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Serikali ilizuia uchinjaji na usafirishaji, masoko yakafungwa. Hapo hakugeuka mnunuzi mmoja, waligeuka wote kwa siku moja, pamoja na mlaji wa Nairobi aliyeogopa nyama ya bucha. Ng'ambo ya mpaka walilijua hilo kwa muda mrefu zaidi: Saudi Arabia ilipofunga milango yake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka 2000, baada ya ugonjwa huohuo kufika kwake na Yemen, mifugo ya Somalia ilisubiri hadi 2009 ndipo ikaruhusiwa tena.

Nimeyataja haya kwa sababu yanabadilisha kinachompasa muuzaji kufanya. Mnunuzi akigeuka kwa kuwa ameona mali nyingine nafuu, soko bado lipo, na dawa ni kumtafuta wa pili kabla jua halijatua. Mnunuzi akigeuka kwa kuwa barabara imekatika, wa pili naye hatafika. Dawa hapo ni kumkubalia tarehe mpya na kuwaondoa ng'ombe sokoni kuwapeleka kwenye majani. Na akigeuka kwa sababu ya maradhi, kila siku ya kungoja pale sokoni ni siku ya kuwachanganya wanyama wako na wa wengine, na mzee mwenye busara atawatoa siku hiyohiyo, mradi sheria ya karantini inamruhusu.

Sasa tuje kwenye arabuni, ambayo ndiyo inayozua ugomvi mwingi kuliko jambo lingine lolote.

Tuseme mtu wa Nairobi alikubali fahali wanane kwa shilingi 60,000 kila mmoja, jumla 480,000, akatuma 40,000 kwa M-Pesa za kushikilia mali. Ameghairi. Zile 40,000 ni za nani? Ukiuliza watu watano sokoni utapata majibu matano, kila mmoja akilitoa kwa uhakika mkubwa.

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoandikwa enzi za Waingereza, inasema mauzo ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani ila kwa moja ya mambo haya: mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arabuni au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa. Shilingi 200 leo hazinunui hata nusu kilo ya nyama ya mbuzi, kwa hiyo kila mnyama anayeuzwa Garissa yumo ndani ya kanuni hiyo. Maana yake ni kwamba mikono iliyoshikana mbele ya mashahidi kumi, bila senti wala karatasi, ni heshima tupu mbele ya hakimu. Ujumbe wa M-Pesa wa 40,000 ndio unaoyapa mauzo yale miguu ya kusimamia.

Wanazuoni wa Kiislamu wanaitazama arabuni kwa jicho jingine. Wasomali wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo, kama ilivyo kwa Hanafi na Maliki, mauzo yaliyowekewa sharti kwamba mnunuzi akighairi muuzaji anajichukulia arabuni bure hayakubaliki, kwa kuwa ni kula mali ya mtu bila kumpa kitu. Wahanbali waliyaruhusu. Mwaka 1993, huko Brunei, baraza la kimataifa la fikihi la nchi za Kiislamu liliyaruhusu pia, kwa sharti kwamba muda wa kungoja utajwe wazi. Kwa hiyo mzee akisema arabuni hailiwi, na kijana wake akisema inaliwa, wote wawili wana mashehe nyuma yao.

Mimi naona njia iko wazi. Pokea arabuni kama sehemu ya bei, si kama faini. Hapohapo, kabla mnunuzi hajaondoka, taja muda: hadi kesho saa nne, au hadi Alhamisi adhuhuri. Kisha mkubaliane kwamba akichelewa au akighairi, gharama za kweli za malisho, maji, mchungaji na kodi ya soko zitakatwa humo, na kinachobaki kitarudi kwake. Andika hayo kwa ujumbe wa simu, yeye ajibu "nimekubali", na dalali apate nakala. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha. Shehe hatakuwa na neno, maana umekata ulichotumia. Na hakimu akifikishiwa ana malipo na ana maandishi.

Kuhusu kama mnunuzi ana haki ya kughairi, Shafi ni mkarimu kwa muda mfupi tu. Wawili wanaouziana wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana pale walipokaa, na wanaweza kuwekeana sharti la hiari isiyozidi siku tatu. Wakishaachana bila sharti hilo, mauzo yamefungamana, na mnunuzi hana mlango wa kutokea isipokuwa mali ina kasoro aliyofichwa. Baada ya hapo kinachobaki ni hisani: muuzaji anaweza kumkubalia aliyejuta na kuvunja mauzo kwa ridhaa, na dini inalisifu jambo hilo na kumwahidi malipo mwenye kulifanya. Lakini ni hisani, na mwenye kuitoa ni mzee. Mnunuzi anayepiga simu kana kwamba anatoa taarifa tu amekosea adabu kabla hajakosea sheria. Anatakiwa aombe.

Je, mzee amdai? Hesabu ya mahakama si ngumu. Kama bei ilikuwa 60,000 na siku ya kuchukua mali fahali yuleyule angeuzika pale sokoni kwa 54,000, hasara ni 6,000 kwa kila mmoja, 48,000 kwa wote wanane, pamoja na gharama zilizotokana na kughairi. Arabuni aliyoishika inakaribia kuifuta yote. Ikibaki hasara kubwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Mahali isipofika, mahakama ya hakimu ipo. Kwa kadhi haendi mtu kwa kesi ya ng'ombe: Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, basi.

Kwa kweli kesi nyingi za Garissa hazifiki huko, na hakuna haja zifike. Mnunuzi akiwa Msomali, wazee wa upande wake wanajulikana, na xeer, ile sheria ya mila inayofunga koo kwa koo, humfikia hata akiwa Eastleigh, Nairobi. Akiwa mtu wa bara asiye na ukoo huku, kamati ya soko inamfikia kwa njia nyingine: atataka kununua tena. Wazee wakikaa wanauliza mambo matatu kwa utaratibu wao: nani alishuhudia, pesa gani ilitoka, na gharama gani ilitumika. Muuzaji mwenye risiti za majani na maji anaondoka na haki yake. Mwenye uchungu tu anaondoka na pole.

Tumrudie mzee wetu, maana jua linashuka na fahali bado wako palepale. Jibu limekuja: hawezi kabisa. Jambo la kwanza ni kuwapa maji, kabla ya simu yoyote. La pili, dalali autangaze ukweli, kwamba mauzo yamevunjwa na mnunuzi, kwa sababu hii. Watu husitasita kulisema, wakiona aibu, na hapo ndipo uvumi unapoingia: kwa nini fahali wenye alama ya rangi bado wapo? Wana ugonjwa? Ni wa wizi? Mali iliyorudi inatiliwa shaka haraka sana, na shaka hiyo inashusha bei kuliko wembamba. Dalali akitaja sababu kwa sauti mbele ya watu, shaka imekatwa.

La tatu ni kumpigia yule wa pili, aliyetoa bei asubuhi akashindwa. Hapa ndipo muuzaji anapovuna adabu yake ya asubuhi. Aliyemwambia mteja, "Walaal, ndugu yangu, nimeshafunga na mwingine, lakini niachie namba yako," anayo namba. Aliyemfukuza kwa jeuri hana. Wa pili atashusha bei, na ana haki ya kujaribu. Mzee asijibu kwa kukumbuka 60,000, maana bei ile imekufa pamoja na mauzo yake. Aulize swali jingine: nikikataa 54,000 hii, fahali hawa watanigharimu nini hadi siku kubwa ya soko ya wiki ijayo? Kama malisho, maji na mchungaji kwa wiki ni 2,500 kwa kila kichwa, na mwili unapungua, basi 58,000 ya wiki ijayo ni bora kidogo tu kuliko 54,000 ya leo, na haijahakikishwa na yeyote. Wakati wa mvua, malisho yakiwa karibu na mji, kungoja kuna maana. Wakati wa kiangazi sioni maana yake. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Bila shaka wako miongoni mwa waliokufa waliowahi kupata bei, na wenye mali wakaiona ni ndogo.

Asiuze wote pamoja kama halazimiki. Wanne wakienda leo, wanalipia malisho ya wanne wanaobaki, na karo ya mtoto au deni la dukani linapungua.

Niseme machache kuhusu viwanja, maana tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 mji umepanuka, na watu wanaouza ng'ombe ndio wanaouza na kununua viwanja. Huko mambo ni kinyume kidogo. Kiwanja hakili, kwa hiyo haraka haina faida, na mkataba wa mdomo hauna nguvu kabisa: tangu Juni 2003 sheria inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 na kupewa siku 90, na akichelewa hupewa ilani ya siku 21 kabla mkataba haujavunjwa.

Lakini mnunuzi wa kiwanja anayegeuka leo mara nyingi hajakosa pesa. Ni wakili wake aliyeziangalia karatasi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, Mahakama ya Juu ilisema hati peke yake haimkingi mtu kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikasema barua ya ugawaji si hati miliki, na haimpi mtu umiliki wa kumhamishia mwingine mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Garissa wako wengi walioshika barua za ugawaji miaka na miaka, wakijenga na kurithishana. Na nje ya mji sehemu kubwa ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeiweka chini ya dhamana ya kaunti, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Basi mnunuzi wa kiwanja akighairi, muuzaji amwombe kwa upole nakala ya alichoandikiwa na wakili wake. Huenda hiyo ndiyo huduma kubwa aliyopata katika biashara nzima, kwa kuwa tatizo aliloliona huyu ataliona pia wa pili na wa tatu. Ni afadhali kulipa ada zilizobaki na kuifuatilia hati kwa mwaka mmoja kuliko kupokea na kurudisha asilimia 10 za watu wanne.

Na yule mtu wa Nairobi? Uwezekano mkubwa atarudi. Machinjio yatapata nafasi, barabara itakauka, atampigia dalali na kuuliza kama fahali bado wapo. Wako wauzaji wanaoapa kutomuuzia tena, na siwalaumu, lakini Garissa inategemea wanunuzi wa mbali, na mtu aliyeghairi mara moja kwa sababu inayoeleweka bado ni mteja. Aliyeghairi mara mbili bila sababu, kamati ya soko imjue na dalali mwingine asimpokee. Huyu wa mara ya kwanza apewe bei ya siku hiyo, si ile ya zamani, wala isiongezwe ili kumkomoa. Pesa zote zilipwe kabla lori halijafungua mlango. Na kama kuna salio la arabuni yake ya juma lililopita, arudishiwe kwanza, kwa simu, mbele ya dalali, na hesabu ya gharama isomwe kwa sauti, ndipo bei mpya itajwe.